Usingizi na Komeo: Historia ya Kufungwa kwa Kioo cha Kompyuta

Mwenye kushindika mlango na mwenye kuukomea hufanya matendo mawili, ingawa mpita njia huona tendo moja. Mlango ulioshindikwa umekaa katika fremu yake, nao huzuia vumbi, jua na macho. Lakini haumzuii mtu. Mlango uliokomewa una komeo nyuma yake, na aliye nje hana njia ila kugonga na kungoja. Tofauti ya milango hii miwili haionekani kwa kutazama. Hujulikana kwa kusukuma.

Kompyuta mpakato iliyofunikwa na kulala ni mlango wa jinsi hiyo. Mwenyewe huteremsha kifuniko, huitia mkobani na kushika njia, akiamini kwamba yeyote atakayekiinua kifuniko kile ataulizwa nywila kabla ya kuona lolote. Mara nyingi imani hiyo ni sahihi. Lakini hutokea kifuniko kikainuliwa na kioo kikaonyesha kazi ileile iliyoachwa, pengine alama za mtihani, pengine daftari la wagonjwa au hesabu za benki, bila ya swali lolote. Hutokea pia kioo kikaionyesha kazi hiyo kwa muda wa kupepesa jicho, kisha nywila ikaulizwa kwa adabu zote, kama mtu avaaye nguo baada ya mgeni kuingia. Mwenye kompyuta hufungua ukurasa wa mipangilio, akakuta alama ya kuamuru kioo kifungwe wakati wa kulala ipo tangu zamani. Huiondoa, akairudisha, akateremsha kifuniko, na hali ikawa ileile.

Kosa hili si la mtu mmoja wala la kiwanda kimoja, nalo halielezeki kwa kuitazama alama ile peke yake. Lina nasaba. Kulala kwa kompyuta na kukomewa kwa kioo chake vilizaliwa katika nyumba mbalimbali, kwa haja mbalimbali, na kwa miaka mingi kila kimoja kilikua bila ya kujulishwa habari za mwenzake.

Nywila ndiyo mkubwa wao kwa umri. Katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology, Marekani, mfumo wa CTSS ulioongozwa na Fernando Corbató ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1961. Watu wengi waliitumia mashine moja kwa zamu za haraka, kila mmoja akiwa na mafaili yake, na kwa sababu hiyo kila mmoja alipewa nywila. Komeo hilo halikukawia kuvunjwa: mwaka 1962 Allan Scherr, mtafiti wa hapohapo aliyeona kwamba saa alizogawiwa hazimtoshi, aliiamuru mashine ichape faili lenye nywila za watu wote, nayo ikachapa. Lakini jambo la kuangaliwa hapa ni jingine. Nywila ya CTSS ilikuwa ya kuingilia. Aliyemaliza kazi aliiaga mashine, na saa zake zikaacha kuhesabiwa. Hapakuwa na sababu ya mtu kubaki ndani hali amekwisha kuondoka. Tena watumiaji wale walizungumza na mashine kwa taipu na karatasi. Kioo cha kufungwa hakikuwapo.

Kioo kilipokuja kilikuja na maradhi yake. Monita za zamani zilikuwa chupa kubwa zilizopakwa kwa ndani unga ung'aao upigwapo na elektroni, na maandishi yaliyokaa mahali pamoja kwa saa nyingi yaliuchosha unga ule hata yakaacha kovu lisilofutika. Mwezi wa Desemba 1983 John Socha alichapisha katika gazeti la Softalk programu fupi ya kompyuta za IBM aliyoiita SCRNSAVE: kibodi isipoguswa kwa dakika tatu, kioo kilitiwa giza. Hapana siri iliyolindwa hapo. Kilicholindwa ni unga. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa After Dark, na giza la Socha likajazwa michezo, mashuhuri kuliko yote ikiwa ile ya mashine za kubanika mkate zirukazo angani kwa mabawa.

Ndipo lilipofanyika jambo lililoonekana dogo. Programu ya kuhifadhi kioo hufanya kazi wakati mwenyewe hayupo, na wakati huohuo ndio aupendao mwizi. Ikaonekana ni busara kuiongezea swali la nywila; Windows 3.1 ya mwaka 1992, mathalan, ilikuwa nalo. Hivyo mfagizi wa nyumba alikabidhiwa funguo na kuitwa bawabu, wala haikuulizwa sana kama ana nguvu za kumzuia mtu mlangoni.

Taabu ya uteuzi huo ilionekana wazi katika mfumo wa madirisha uitwao X, ambao Bob Scheifler na Jim Gettys waliuanzisha mwaka 1984 katika chuo kilekile cha CTSS, na ambao baadaye ulienea katika kompyuta za Unix na Linux. Waasisi wa X walishika kanuni moja, nayo ni kutoa nyenzo na kuacha sheria zitungwe na wengine. Kanuni hiyo iliupa mfumo wao umri mrefu, na yastahili heshima. Walakini kufunga kioo ni sheria, na X haikuwa nayo. Bawabu wa X ni programu kama programu nyingine yoyote. Hufungua dirisha kubwa lifunikalo kioo chote, huomba kibodi na kipanya viwe mikononi mwake peke yake, kisha hukaa juu ya dirisha hilo akiuliza nywila. Nyuma yake kazi ya mwenyewe i wazi kama ilivyoachwa. Bawabu akifa, X huliondoa dirisha lake kwa uaminifu uleule unaotumika kuondoa dirisha la programu yoyote iliyokufa, na aliye mbele ya kompyuta hukuta hapana mlango. Zaidi ya hayo, ikiwa menyu fulani ilikuwa imefunguliwa kiooni wakati bawabu alipokuja kuomba kibodi, basi menyu hiyo imekwisha kuishika, na bawabu hunyimwa. Kioo hakifungwi, wala mwenyewe hapati habari, maana amekwisha kwenda zake.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, iliweka swali la nywila katika uwanja wa peke yake usiofikiwa na programu za kawaida, ikamtaka mtumiaji abonye Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, kwa kuwa hapana programu ya kawaida iwezayo kuidaka ishara hiyo njiani. Huko bawabu alikuwa sehemu ya jengo.

Miongoni mwa walioufahamu mapema udhaifu wa bawabu wa X ni Jamie Zawinski, aliyetoa XScreenSaver mwaka 1992 na kuendelea kuitunza kwa zaidi ya miaka thelathini. Zawinski alikuwa mmoja wa waandishi wa kwanza wa Netscape, kisha akaiacha kazi hiyo akafungua klabu ya muziki na dansi San Francisco. Na pengine kazi hiyo ya pili nayo humfundisha mtu habari za mabawabu. Hoja yake, aliyoiandika kwa kirefu mwaka 2004, yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Maadamu kifo cha bawabu ni kufunguka kwa mlango, bawabu asibebe chochote kisichomhusu. Asichorwe kwa maktaba kubwa za vitufe na rangi, kwa sababu katika maktaba hizo mna maelfu ya mistari ya programu iliyoandikwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria usalama, na kila mstari ni nafasi moja zaidi ya kufa. Wengi wa waliotengeneza sura mpya za Linux hawakumsikiliza. Walitaka kioo cha nywila kifanane na mapambo mengine ya nyumba, wakaandika mabawabu wao wenyewe, wazuri wa kutazamwa.

Matokeo yalikuja kwa awamu. Mwezi wa Januari 2012 iligunduliwa kwamba katika toleo la 1.11 la X, kubonya Ctrl, Alt na kitufe cha kuzidisha kilicho upande wa tarakimu kulimwua bawabu papo hapo. Hiyo ilikuwa njia ya mafundi, iliyokusudiwa kuiondoa programu iliyong'ang'ania kibodi wakati wa majaribio. Iliachwa wazi, na aliyepita hakuhitaji hata kujua kusoma. Nayo hiyo ni kheri kuliko iliyofuata. Mwezi wa Januari 2021 mtumiaji mmoja wa Linux Mint alitoa taarifa kwamba watoto wake, wakitaka kujaribu kuivunja kompyuta ya baba yao, walibonya ovyo kibodi halisi na kibodi iliyochorwa kiooni kwa pamoja, bawabu akaanguka na kazi yote ikafunuka. Baba alidhani ni bahati mbaya ya siku moja, wakamfanyia tena mara ya pili. Mafundi walipochunguza walikuta kwamba katika kibodi ya kuchorwa herufi ya e yenye mstari juu yake iliiangusha maktaba ya kibodi hiyo, na kwa kuwa maktaba ilikuwa ndani ya bawabu, wote wawili walianguka pamoja. Kilichoiamsha hitilafu hiyo ni sahihisho la usalama lililofanywa katika X mwezi wa Desemba uliotangulia. Zawinski aliandika tena, safari hii kwa kifupi na kwa hasira, kwamba aliwaambia.

Hiyo ndiyo nasaba ya komeo. Nasaba ya usingizi ni nyingine kabisa, na mama yake ni betri. Kifuniko chenye kulalia kioo juu ya kibodi kilijulikana tangu mwaka 1982 kwa GRiD Compass, kazi ya msanifu Bill Moggridge, lakini kufunika si kulala. Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa kanuni za APM za kutunza umeme, ambazo ziliiachia programu ya msingi iliyomo katika chipu ya kompyuta sehemu kubwa ya maamuzi. Mwezi wa Desemba 1996 kampuni hizo pamoja na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, na uamuzi ukahamia kwa mfumo endeshi. ACPI iliupanga usingizi kwa daraja. Katika daraja la S3 kichakata huzimwa na kumbukumbu peke yake hulishwa umeme kidogo. Katika S4 yaliyomo katika kumbukumbu huandikwa diskini na umeme hukatwa. Kanuni zote hizi zilitungwa na watu wa umeme kwa ajili ya umeme. Kwao usingizi mwema ni ule uingiao upesi na utokao upesi, ukiacha kila kitu mahali pake. Nani atakayekiinua kifuniko si swali lao.

Nasaba hizi mbili zikutanapo ndipo kosa huzaliwa. Kifuniko kinapoteremka, kiini cha mfumo hupata ishara. Ishara hupelekwa kwa programu isimamiayo vikao vya watumiaji. Kutoka huko tangazo huenda kwa wote kwamba kompyuta inakwenda kulala. Bawabu hulisikia tangazo hilo pamoja na wengine, akaanza kuinuka. Ikiwa hapana anayemngoja, usingizi humkuta njiani. Hapo yafaa kukumbuka usingizi wa S3 ni nini: si kwamba programu zimepumzika, bali zimegandishwa katika hatua ileile zilizokuwamo. Bawabu aliyekuwa hatua tatu kutoka mlangoni saa mbili usiku ataamka saa mbili asubuhi akiwa hatua tatu kutoka mlangoni, wala hajui kwamba muda umepita. Atamaliza mwendo wake na kukomea, lakini aliyeinua kifuniko amekwisha kuona ndani. Na hata bawabu aliyewahi yaweza kumtokea aibu hiyo: picha ya mwisho iliyochorwa hubaki katika kumbukumbu ya michoro, na kioo kikiwaka kabla bawabu hajachora dirisha lake, kitakachoonekana ni picha ya jana.

Yawezekana mtu akasema kwamba kupepesa jicho ni muda mfupi mno kuleta madhara. Wapelelezi wa Marekani hawakufikiri hivyo. Walipojiandaa kumkamata Ross Ulbricht, aliyeendesha soko la siri la Silk Road, walijua kwamba kifuniko kikiteremka, ushahidi utakuwa nyuma ya nywila na diski iliyofumbwa. Tarehe 1 Oktoba 2013, katika maktaba ya Glen Park mjini San Francisco, mwanamume na mwanamke walijifanya wapenzi wanaogombana nyuma ya kiti chake; alipogeuka kuwatazama, kompyuta ilinyakuliwa ikiwa wazi. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2015, na akasamehewa na Rais wa Marekani mwezi wa Januari 2025. Kesi yake ina mengi yasiyohusu makala hii. Linalohusu ni kwamba serikali yenye fedha na mafundi iliona ni rahisi kuandaa mchezo wa kuigiza kuliko kupambana na komeo lililofungwa vema.

Wala komeo hilo si ukuta wa mwisho. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba kumbukumbu ya kompyuta haisahau papo hapo umeme ukatwapo; hubaki na yaliyomo kwa sekunde kadhaa, na ikipulizwa baridi kali hubaki kwa dakika kadhaa. Kompyuta iliyolala katika daraja la S3, hata ikiwa imekomewa barabara, imebeba ufunguo wa diski yake katika kumbukumbu, na mwenye ujuzi na ujasiri aweza kuuchota. Ndiyo sababu wenye siri nzito huizima kompyuta kabisa au huilaza kwa daraja la S4 juu ya diski iliyofumbwa.

Kwa watumiaji wa Linux, upatanisho wa nasaba mbili ulikuja mwaka 2012, kupitia systemd na msimamizi wake wa vikao, logind. Kabla ya hapo kila mtu alitunga maandiko mafupi ya kwake ya kumwita bawabu kabla ya kulala, na mengi yalimwita bila ya kumngoja. Logind ilimpa bawabu haki ya kusema: ngojeni. Programu yenye kushika haki hiyo hupata tangazo la usingizi, hufanya kazi yake, kisha huiachilia, na hapo ndipo kompyuta hulala. Haki hiyo ina mpaka. Kwa kawaida kungoja hakuzidi sekunde 5. Zikipita, kompyuta hulala hata kama bawabu hajafika. Wako waliolaumu kwamba hapa usalama umeuzwa kwa bei ndogo. Lawama hiyo haijapima upande wa pili, maana kompyuta ikaayo macho ndani ya mkoba uliofungwa huchemka, humaliza betri, na pengine huharibika. Mtungaji alilazimika kuchagua hasara, akachagua.

Mwenye kulitafuta kosa katika kompyuta yake hufaidika kwa kuifuata nasaba hii badala ya kuitia na kuitoa ile alama ya mipangilio. Na aanze kompyuta ikiwa macho, aamuru kioo kifungwe kwa mkono. Kisipofungwa, hapana bawabu, ama yupo na hasikii, na habari za usingizi hazihusiki. Kikifungwa, bawabu ni mzima na taabu iko kwa mjumbe. Daftari la matukio la mfumo huandika saa na sekunde ya kila jambo, na kusoma humo kama kufungwa kulitangulia kulala au kulifuata ni jambo la dakika chache linalookoa siku nzima za kubahatisha. Si nadra kukuta wajumbe wawili, msimamizi wa vikao na msimamizi wa umeme wa sura ya kompyuta, wote wakidai amri ya kifuniko, na yule alazaye hamjui bawabu. Si nadra pia kukuta muda wa hisani, yaani agizo la zamani kwamba nywila isiulizwe mpaka zipite dakika kadhaa tangu kioo kuzimika, nao hutimizwa kwa uaminifu hata kifuniko kinapoinuliwa mapema. Na kuna moja liwapatalo wenye kufanya kazi ofisini: monita ya nje ikiwa imeunganishwa, logind huipuuza ishara ya kifuniko. Kompyuta hailali. Kwa kuwa hailali, tangazo halitolewi. Na kwa kuwa tangazo halitolewi, bawabu hainuki. Mwenyewe ameteremsha kifuniko, ameondoka, na kazi yake inang'aa katika monita iliyo ukutani.

Dawa ya kifo cha bawabu ilingoja zaidi. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza Wayland ili ishike nafasi ya X, na humo mchoraji wa kioo ndiye mwenye nyumba, si mpangishaji. Kanuni ya kufunga kikao iliyoongezwa katika orodha ya kanuni za Wayland mwaka 2022 yasema mambo mawili ambayo X haikuweza kuyasema. La kwanza, mchoraji asitangaze kwamba kikao kimefungwa mpaka vioo vyote vimekwisha kufunikwa, na kwa hiyo mwenye kungoja tangazo hilo kabla ya kulala hataamkia picha ya jana. La pili, bawabu akifa bila ya kuaga, kikao kibaki kimefungwa. Watoto wakibonya wapendavyo na bawabu akaanguka, watakachokiona ni kioo kitupu. Atakachokiona mwenye kompyuta pia ni hichohicho: nywila yake anayo, lakini hapana wa kumwuliza, na itambidi apite mlango mwingine wa mfumo, aingie kwa maandishi matupu, na amwite bawabu mpya ndipo afunguliwe.